Namna ya Kutafiti Historia ya Vita Vikuu: Mfano wa Mpwapwa

 

Aya ya 6 ya Surat Al-Hujurat inatuamrisha kuhakikisha habari, tusije tukawadhulumu watu bila kujua. Waliokufa nao wana haki ya kutodhulumiwa. Tuangalie Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipopita Mpwapwa, mkoani Dodoma.

Ripoti za jeshi
Agosti 1916, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliiteka Mpwapwa kutoka kwa Wajerumani. Habari hii ni sahihi. Lakini ripoti za namna hii huandikwa na ofisa kwa mkuu wake: zinaeleza nani ameshika mji, si nani amebaki bila chakula.

Kumbukumbu za wenyeji
Wagogo wanaikumbuka miaka hiyo kwa jina la njaa, Mtunya. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe na nafaka, wanaume wakafanywa wapagazi, kisha mvua zikakosekana. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa Ugogo. Anayesoma ripoti peke yake atadhani vita viliisha Mpwapwa mwaka 1916. Kwa wenyeji, mauti yaliendelea hadi karibu 1920.

Majina yasiyoandikwa
Mwaka 1917 wapagazi walichukuliwa Zanzibar pia. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao. Basi jina likikosekana katika orodha, hiyo si dalili kwamba babu hakwenda.

La kufanya katika familia
1. Muulize mzee alisikia kwa nani, na uandike sanadi hiyo.
2. Tenganisha alichokishuhudia mtu na alichosimuliwa.
3. Linganisha na nyaraka zilizopo Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa Zanzibar.
4. Zikihitilafiana, andika kauli zote mbili. Usiongeze la kuzipatanisha.

Kwa njia hii hatumzulii maiti ushujaa, wala hatumnyimi haki ya kukumbukwa na kuombewa dua.

Wallahu a'lam.