Ugomvi wa kufuli ndani ya simu

Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu bandia nchi nzima, watu walipiga *#06# wakitazama namba za IMEI, za utambulisho wa simu, kwa hofu. Makongolosi, mji wa wachimba dhahabu wilayani Chunya, fundi simu mmoja anaikumbuka tarehe hiyo kwa sababu nyingine: wateja wake walihamia kwenye simu halisi, na nyingi hazikukubali kuflashiwa, yaani kuandikwa programu upya, ovyo. Kwake, historia ya simu ni historia ya makufuli.

Kumbukumbu ya flashi ilibuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba miaka ya 1980. Kuzuia maandishi kufutwa ni jambo la zamani zaidi. Waliorekodi dansi kwenye kaseti walivunja vijipande vya plastiki mgongoni mwa kanda ili mtu asirekodi juu yake. Mjanja akaziba tundu kwa karatasi, akarekodi.

Chipu za eMMC, aina ya hifadhi ya flashi ndani ya simu, zina sehemu mbili za kuwashia. Humo huweza kukaa programu inayosomwa mwanzo kabisa. Ikiharibika, simu haiwaki. Sehemu hizo huweza kufungwa kwa kufuli la muda, linalodumu mpaka chipu ikatiwe umeme au iwashwe upya, au la kudumu, lisilofunguka kamwe.

Ugomvi mkubwa juu ya kufuli la muda ulizuka Marekani Oktoba 2010. Walionunua T-Mobile G2, iliyotengenezwa na HTC, waliingia ndani ya mfumo na kubadili mafaili. Mabadiliko yalionekana yamekubali, lakini simu ikizimwa na kuwashwa, yote yametoweka! Taasisi ya New America Foundation ikalalamika kwamba mnunuzi anazuiwa kutawala mali yake. T-Mobile ikajibu kuwa baadhi ya sehemu za mfumo zimelindwa ili usiharibike na simu isife. Wadukuzi hawakungoja hukumu: waliikatia chipu umeme huku simu yenyewe ikiendelea kufanya kazi, kufuli la muda likaachia. Ujanja uleule wa karatasi kwenye kanda.

Fundi wa Makongolosi yuko upande wa wadukuzi, nami kwa nusu tu. Kufuli hilohilo humwokoa mteja dhidi ya fundi mwanafunzi. Linalokera ni kwamba vijana wetu wanajifunza haya kwa kukisia kutoka video za lugha wasizozielewa, huku maelezo ya Kiswahili yakiwa haba mno.

Sasa simu nyingi za bei ya juu hutumia UFS, aina nyingine ya hifadhi ya flashi, nayo ina makufuli yake. Kwa eMMC iliyofungwa kabisa ikiwa na programu mbovu, hakuna ujanja wa kompyuta: chipu inang'olewa kwa hewa ya moto, inawekwa nyingine, na mteja analipia zote mbili, kazi na chipu.