Neno "City": Mji, Manispaa na Jiji

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo mfasiri huyapita upesi, akidhani hayana taabu, limo neno "city". Aghalabu hulitafsiri kuwa jiji, na kwa maandishi mengi hiyo yatosha. Lakini mtumishi wa serikali aandikaye barua akiwa Temeke au Kinondoni hana budi kulitazama mara mbili.

Watu wa pwani tangu kale walikuwa na mji: mji wa Kilwa, mji wa Lamu, na kutokana na neno hilo tukapata mwenyeji, yaani mwenye mji. Kwa kanuni ile ile inayotoa jitu kutokana na mtu, mji mkubwa huitwa jiji, nao ukidogoshwa huwa kijiji. Basi jiji na kijiji ni ndugu wa tumbo moja. Tatizo ni kwamba jiji letu hupimwa kwa ukubwa, ilhali "city" ya Waingereza ni cheo kinachotolewa na mwenye mamlaka. St Davids, huko Wales, ina wakazi wasiofika 2,000, nayo ni "city" kamili.

Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949 na ya jiji Desemba 1961, pamoja na Uhuru. Wakati huo cheo na ukubwa vilikwenda sambamba, wala hapana aliyesumbuka. Mabaraza ya miji yalifutwa mwaka 1972, yakarejeshwa 1978, na Sheria Na. 8 ya 1982 ikapanga ngazi tatu: mji, manispaa, jiji. Hapo ndipo manispaa, neno la kukopa ambalo wengine hawalipendi, lilipothibitisha faida yake, maana hatukuwa na jingine la kusimama kati ya mji na jiji. Mwaka 2000 Kinondoni, Ilala na Temeke zilikuwa manispaa, huku Halmashauri ya Jiji ikiwapo juu yao. Baadaye Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke.

Februari 2021 Halmashauri hiyo ya Jiji ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Tangu hapo Jiji la Dar es Salaam, kwa maana ya sheria, ni Ilala peke yake. Mkazi wa Mbagala au Mwananyamala, aliyekuwa mtu wa jiji pasipo kuuliza, sasa ni mtu wa manispaa. London nayo ina jambo kama hilo: "City" yao ni eneo la kama maili moja ya mraba tu katikati ya London yote.

Ajabu ni kwamba wenyeji walikuwa wameitangulia sheria. Apandaye daladala Temeke au Kinondoni husema anakwenda mjini, naye hukusudia Kariakoo au Posta, ambako kote ni Ilala. Hasemi anakwenda jijini.

Tangazo la ushuru likiandikwa "wakazi wote wa jiji", mtu wa Tandika aweza kujibu kwamba halimhusu, na atakuwa na hoja. Kwa hiyo, "city" ikiwa ni chombo cha utawala, twashauri jina liandikwe kamili: Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Ikikusudiwa Dar es Salaam nzima, na iandikwe Mkoa wa Dar es Salaam. Mwandishi wa gazeti anayetaka kutaja ukubwa tu aendelee na jiji lake, kwa herufi ndogo. Ama "city centre", tusihangaike kuitungia istilahi: ni mjini.