Kidonda na Saratani Katika Umio Mmoja

Kiungulia, maumivu ya kifua, chakula kukwama: kidonda cha umio huleta yote hayo, na saratani huyaleta vilevile. Kwa sababu hiyo, kwa karne nyingi jibu la hakika lilipatikana maiti ilipopasuliwa.

Ili kutazama ndani ya mtu aliye hai, mwaka 1868, mjini Freiburg, daktari Adolf Kussmaul alimwita mtu aliyejipatia riziki kwa kumeza panga mbele ya watazamaji. Mtu huyo aliinua kidevu, akanyoosha shingo, na bomba gumu likateremka hadi tumboni. Bomba lilipita, ila mwanga wa taa ulioakisiwa na kioo haukufika chini vya kutosha. Daktari Mikulicz, huko Vienna mwaka 1881, alimulika kwa waya wa umeme uliopozwa kwa maji, na umio wa mtu aliye hai ukaanza kuonekana.

Hata hivyo, kuona ni jambo moja na kuelewa ni jingine. Mwaka 1950 Norman Barrett, mpasuaji wa London, alieleza vidonda vilivyozungukwa na utando wa tumbo, tena juu kifuani. Yeye alidai kwamba hilo ni tumbo lililovutwa juu na umio mfupi wa kuzaliwa nao. Madaktari Allison na Johnstone walimpinga mwaka 1953: huo ni umio hasa, utando wake tu ndio tofauti. Ushahidi uliwaunga mkono wao, na mwaka 1957 Barrett alikubali. Kwangu mimi, hapo ndipo alipostahili sifa. Baadaye ilibainika kwamba utando huo hutokana na asidi inayopanda kwa miaka mingi, na kwamba unaweza kuzaa saratani pembeni mwa kidonda.

Mwaka huohuo wa 1957 daktari Basil Hirschowitz alionyesha kifaa chenye nyuzi za kioo, kinachopindika. Vifaa vilivyofuata viliwezesha kukata vipande vidogo vya nyama vya kupimwa, lakini kipande kimoja kikichukuliwa mahali pasipofaa huikosa saratani.

Dawa kali za kupunguza asidi, kuanzia miaka ya 1970, zilileta nafuu pamoja na mtego: maumivu hutulia, na saratani huendelea kukua. Kwetu Afrika Mashariki aina ya saratani ya umio iliyoenea ni nyingine, ya seli bapa, isiyotokana na utando aliouelezea Barrett. Lakini mgonjwa hucheleweshwa vilevile, akimeza dawa za vidonda vya tumbo. Chakula kikianza kukwama, omba kipimo cha kamera, hata kama uliwahi kuambiwa una vidonda.