Kliniki za Vijana Zilizoanzia Mahakamani

Tiba ya nafsi kwa vijana nchini Marekani ilikulia mahakamani. Chicago ilifungua mahakama ya watoto mwaka 1899, na mwaka 1909 daktari William Healy akaanza kuwachunguza vijana waliofikishwa huko. Hakuishia kwenye kosa. Alichunguza nyumba, shule, maradhi, hofu, kisha akamsikiliza kijana mwenyewe, na hilo ndilo lililokuwa na thamani kuliko yote. Mwaka 1917 alihamia Boston kuendeleza kazi hiyo. Kuanzia 1922 mfuko wa Commonwealth Fund uligharimia kliniki za mfano za watoto na vijana, ambamo daktari wa akili, mwanasaikolojia na ofisa ustawi wa jamii walishirikiana. London ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwa kliniki hizo, mzazi aliweza kumpeleka mtoto kutibiwa bila kungoja polisi.