Cheti cha Fundi

Zamani, katika miji ya mwambao wetu, fundi hakuwa na cheti. Mwanagenzi aliyejifunza kuunda majahazi alikaa na mwalimu wake miaka mingi, akianza kwa kuokota vipande vya mbao na kumpelekea tezo na keekee, mpaka siku aliporuhusiwa kupigilia ubao kwa mkono wake mwenyewe. Mtihani wake ulikuwa bahari. Chombo kikielea pasipo kuvuja, mji mzima ulimjua kuwa ni fundi. Kikizama, hapana karatasi ambayo ingeweza kumtetea.

Ushahidi wa namna hiyo ulitosha maadamu watu walijuana. Lakini reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, kazi ilihitaji mafundi wengi mno, na wengi wao waliletwa kutoka Bara Hindi. Msimamizi hakuwajua, wala hakuwajua walimu wao. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo halijaondoka hata leo: mtu nisiyemjua akiniambia kuwa yeye ni fundi, nitamwaminije? Cheti ni jibu la swali hilo. Ni ushahidi ulioandikwa kwa ajili ya mgeni.

Waingereza walikuwa wamekwisha kulitafutia jibu. Mwaka 1878 Jiji la London na vyama 16 vya kale vya mafundi na wafanyabiashara viliunda taasisi iitwayo City and Guilds, ili mafundi wa mahali mbalimbali wapimwe kwa kipimo kimoja. Baadaye kipimo hicho kilivuka bahari na kufika kwetu.

Mwaka 1948 iliwekwa misingi ya Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa jina la MIOME, ili kuwafundisha ufundi vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Sultani wa Unguja alitoa mali yake; Aga Khan naye akatoa; jamaa ya Mabohora wakachanga, na Serikali ya Uingereza ikaongeza fungu lake. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Miaka 10 baadaye, Nairobi nayo ikapata chuo chake kikubwa cha ufundi, Kenya Polytechnic. Naam, mkono mmoja haulei mwana. Hata hivyo, mwanafunzi wa vyuo vya namna hiyo aliyetaka cheti chenye heshima kubwa alifanya mitihani ya City and Guilds.

Mgala muue na haki mpe: cheti hicho kiliwafungulia vijana wetu milango mingi. Lakini nchi isiyoweza kusema yenyewe nani ni fundi wake hufanana na mwenye duka anayepima nafaka kwa pishi ya jirani. Biashara yaweza kwenda vizuri, ila siku jirani akiitaka pishi yake, duka litafungwa.

Basi baada ya Uhuru wa mwaka 1963 kazi ya kujitengenezea pishi yetu ikaanza, nayo haikuwa nyepesi. Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda baraza moja la mitihani. Umoja huo haukudumu. Tanzania ilianzisha baraza lake mwaka 1973, na mwaka 1980 Kenya ikaunda Baraza la Taifa la Mitihani, ambalo lilipewa kazi ya kutahini shule na vyuo vya ufundi pia.

Hata hivyo palikuwa na watu waliosahauliwa. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa walikuja Kenya kuchunguza habari za ajira. Wakaona kwamba watu wengi walijipatia riziki katika vibanda vidogo vya kufua vyuma, kushona na kuchonga mbao, wale ambao sisi huwaita mafundi wa jua kali. Watu hawa walikuwa na ujuzi mikononi, lakini wengi wao hawakuwa na karatasi yoyote. Mgeni hakuwa na njia ya kuwajua.

Kwa sababu hiyo sheria mbili za miaka ya karibuni zina maana kubwa. Sheria ya mwaka 2013 iliweka mamlaka ya kusimamia vyuo vya ufundi, na baraza la kuandaa mafunzo yanayompima mwanafunzi kwa kutenda. Sheria ya mwaka 2014 ikaziweka sifa zote za elimu katika ngazi moja yenye vidato 10, ili fundi ajue amesimama wapi na aweze kupanda. Tulijifunza kwa wenzetu: Uingereza ilianza kupanga sifa za ufundi kitaifa mwaka 1986, na Afrika Kusini ikaweka sheria yake mwaka 1995. Tena, Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 2010, linazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti, ili fundi wa Kisumu aaminiwe Kampala. Na MIOME ya zamani, baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa, ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa mwaka 2013.

Ewe kijana usomaye, angalia jambo moja katika historia hii. Fedha, karakana na hata mpango wa mitihani tuliweza kuvipata kwa msaada wa wengine. Imani hatukuweza kupewa. Siku mtihani utakapouzwa, au mtu atakapopewa cheti cha kazi asiyoiweza, sahihi zote za mabaraza na mikataba yote ya mataifa haitafaa kitu. Nyaya zitaungua na kuta zitaanguka, na mgeni hatatuamini tena. Bahari haikumwonea haya fundi wa jahazi. Na cheti chetu kisimwonee haya mtu.