Doa Dogo Upande wa Kaskazini

Oktoba iliyopita nililala nje ya nyumba ya bibi yangu, nje kidogo ya Iringa mjini, nikiwa na kamera ya kuazima, stendi ya miguu mitatu na mablanketi mawili. Bibi alitoka mara ya pili kunikagua. Akaitazama kamera ilivyoelekezwa juu, kisha akanitazama mimi.

"Sasa mjukuu wangu, hilo giza unalipiga picha ya nini?"

Nikamwambia kuna galaksi pale, inaitwa Andromeda. Akauliza iko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole upande wa kaskazini, karibu katikati ya kilima na utosi wa anga, palipokuwa na doa ambalo ukilikazia macho linatoweka, ukitazama pembeni yake linarudi. "Hilo wingu?" akasema, akarudi ndani kulala. Hakujua kwamba ametumia neno la Abd al-Rahman al-Sufi, mnajimu wa Isfahan, ambaye karibu mwaka 964 alikiandika kitu hicho hicho katika kitabu chake cha nyota kama wingu dogo.

Mimi si mwanafizikia. Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu namna picha ilivyogeuka kuwa ushahidi katika karne ya 19. Sura ya tatu ni ya mtu mmoja, Isaac Roberts, na usiku ule nilitaka kujua kwa mwili wangu kazi yake ilikuwaje.

Roberts alizaliwa Wales mwaka 1829, akajifunza ujenzi Liverpool na kutajirika kwa kandarasi. Unajimu ulikuwa mapenzi yake, haukuwa ajira. Mwaka 1885 alinunua kutoka kwa Howard Grubb wa Dublin darubini yenye kioo cha inchi 20, kama sentimita 50, akaifunga nyumbani kwake Maghull, karibu na Liverpool. Tarehe 29 Desemba 1888 aliielekeza Andromeda na kuacha mwanga uingie kwa saa nne. Saa nne za muda, msomaji, siyo saa nne ya usiku. Na hiyo ilikuwa Desemba ya Uingereza.

Saa zile ziliwezekana kwa sababu ya daktari mmoja, Richard Maddox, naye mpiga picha wa kujipendea, aliyependekeza mwaka 1871 njia ya kupaka kioo jelatini yenye chumvi za fedha. Vioo vya zamani vilitakiwa kutumika vikiwa vibichi, ndani ya dakika chache. Kioo kikavu kingeweza kusubiri. Jicho letu halina uwezo huo: ukitazama kitu hafifu kwa saa nzima hukioni vizuri kuliko ulivyokiona katika dakika za mwanzo. Kioo cha jelatini kinaweka akiba, chembe kwa chembe.

Lakini akiba hiyo ina masharti. Dunia inazunguka, na anga linaonekana kusogea nyuzi 15 kila saa. Darubini isipofuata mwendo huo kwa usahihi, nyota zinakuwa mistari na galaksi inakuwa uji. Roberts alifunga darubini ya pili, ya lenzi ya inchi 7, kwenye mhimili mmoja na ile kubwa. Mtu alikaa pale jicho likiwa kwenye lenzi, akihakikisha nyota moja haitoki mahali pake. Ikitoka, unarekebisha. Ikitoka tena, unarekebisha tena. Kwa saa nne, kwenye baridi.

Kilichotoka kilizima ubishi wa miaka 40. Mwaka 1847 George Bond wa Harvard alikuwa amechora Andromeda ikiwa na mistari miwili myeusi, karibu imenyooka, upande mmoja wa doa lile. Hakuna aliyejua ni kitu gani. Wachoraji wengine walichora mengine. Mkono wa kila mtu ulikuwa na mazoea yake. Picha ya Roberts ilionyesha kwamba mistari ya Bond ilikuwa vipande tu vya kitu kikubwa zaidi: giza lililo kati ya mikono ya mwanga inayozunguka kitovu, yote ikiwa imelala upande mbele yetu kama sinia lililoinamishwa. Bond hakudanganya. Aliona vipande viwili vya duara na kuvichora kama alivyoviona.

Hapo ndipo sura yangu ya tatu ilipokuwa imetulia: mchoro hubishaniwa, picha humaliza ubishi. Niliiandika karibu kwa maneno hayo.

Turudi Iringa. Sikuwa na mtambo wa kufuata anga, kwa hiyo kila picha niliipa sekunde tano tu, kabla nyota hazijaanza kuvutika. Nilipiga picha 300. Ukizipanga moja juu ya nyingine kwa programu, mwanga halisi unajumlishwa na chenga za sensa zinafutana. Jumla yangu ilikuwa dakika 25. Matokeo yalikuwa yai la kijivu lenye kiini cheupe, na pembeni yake vidoa viwili: M32, iliyo duara na ndogo, na M110, hafifu kama alama ya kidole kwenye kioo cha dirisha.

Nilikata tamaa. Semina ilikuwa wiki inayofuata. Kwenye simu nilikuwa na programu ya akili mnemba ya "kuboresha" picha. Nikaiingiza, nikabonyeza kitufe kimoja. Andromeda ikachanua. Mikono inayozunguka, mafundo ya nyota changa, michirizi ya vumbi. Nikaiweka kwenye slaidi ya mwisho na kuwaambia wenzangu niliipiga kwa bibi. Walipiga makofi. Kaka mmoja wa mwaka wa pili aliomba nimtumie aiweke kwenye simu yake.

Usiku huo niliiweka kando ya picha ya Roberts, nikitaka tu kufurahi. Kitu kilikuwa hakijakaa sawa. Mikono yangu ilizunguka kana kwamba galaksi inatutazama uso kwa uso, ilhali sisi tunaiona kwa ubavu. Na M110 haikuwepo. Programu ilikuwa imeichukulia kama uchafu na kuifuta. Galaksi nzima, mabilioni ya nyota, imefutwa kama doa la mchuzi.

Kwenye kioo cha Roberts ipo. Na hapa ndipo sura yangu ilipovunjika, maana Roberts mwenyewe hakujua ni nini. Alidhani anatazama mfumo wa jua ukizaliwa, pete za gesi zikijikusanya kuzunguka kitovu, na vidoa vile viwili vikiwa sayari zinazoumbwa. Alifariki mwaka 1904 bila mtu kumthibitishia vinginevyo. Hadi Oktoba 1923, Edwin Hubble, akitumia darubini ya inchi 100 ya Mount Wilson kule California, alipopata ndani ya Andromeda nyota inayobadilika mng'ao kwa mpangilio. Kwa nyota ya aina hiyo umbali unaweza kukokotolewa, na umbali ulitoka mkubwa mno kwa kitu kilicho ndani ya galaksi yetu. Leo tunasema miaka ya nuru milioni 2.5.

Kwa hiyo picha haikumaliza ubishi wowote mkubwa. Ilitoa jibu kuhusu mistari ya Bond, na kumpotosha mwenye picha kuhusu kila kitu kingine. Ila ilitunza hata asichokielewa.

Tangu siku hiyo nazitazama picha za galaksi za watu wasio wataalamu kwa jicho jingine. Nyingi zina rangi za pipi. Nyingine kiini kimeungua, cheupe tupu, tatizo alilokuwa nalo hata Roberts. Siku hizi mtu huchanganya picha za sekunde chache na za dakika nyingi ili kiini kibaki na maumbo yake bila kupoteza kingo hafifu. Hayo ni ya ufundi na mtu anajifunza. Ninayoipenda kuliko zote ilipigwa Ufaransa na Yann Sainty, akishirikiana na Marcel Drechsler na Xavier Strottner, kwa darubini ya lenzi ya milimita 106 na zaidi ya saa 100 za mwanga. Kwa chujio linalopitisha mwanga wa oksijeni pekee walipata tao refu la buluu kando ya Andromeda, ambalo hakuna aliyewahi kuliripoti, kwenye kipande cha anga kilichopigwa picha kuliko karibu vyote. Lingeweza kuwa kasoro ya kioo. Walitafuta watu wenye vifaa vingine, sehemu nyingine, wakalipata tena na tena kabla ya kutangaza mapema 2023. Wataalamu bado wanabishana kama tao hilo liko kwa Andromeda au liko huku kwetu, mbele yake tu.

Programu yangu ingelifuta kwanza kabisa.

Nilimwandikia msimamizi wangu barua pepe saa saba usiku, nikamweleza slaidi ya mwisho ilivyotengenezwa. Alijibu asubuhi kwa sentensi mbili: niwaambie na wenzangu, na sura ya tatu niiandike upya. Semina iliyofuata niliomba dakika tano. Nilionyesha yai la kijivu. Hakuna aliyepiga makofi, na yule kaka akaniuliza mbele ya wote kama ile aliyoiweka kwenye simu aifute. Nikamwambia aifute.

Lile yai nililichapisha kwa ukubwa wa daftari na kumpelekea bibi. Alilisogeza karibu na taa, akaligeuza, akaweka ukucha juu ya M110.

"Na hapa mmemwaga nini?"