Georges Vézina na Kazi ya Kulinda Goli Barafuni

Hoki ya barafuni, yaani mchezo wa magongo ambao wachezaji wake huvaa viatu vyenye vyuma vya kutelezea na kugombea kisahani kigumu cha mpira, iligeuka kuwa kazi ya kulipwa nchini Kanada mwanzoni mwa karne ya 20, na katika kizazi cha kwanza cha walioishi kwa kazi hiyo hakuna anayedhihirisha gharama yake mwilini kama kipa Georges Vézina.

Alizaliwa mwaka 1887 Chicoutimi, mji wa wasemaji wa Kifaransa kando ya mto Saguenay, jimboni Quebec, na inasimuliwa kwamba alidaka kwa miaka mingi akiwa na viatu vya kawaida, asijifunze kuteleza mpaka alipokaribia utu uzima. Mwanzoni mwa 1910 timu ya Montreal Canadiens, iliyokuwa imeundwa miezi michache tu nyuma, ilicheza mechi ya kirafiki mjini humo, na Joseph Cattarinich, ambaye mwenyewe alikuwa kipa wa Canadiens, ndiye aliyeishawishi timu yake imjaribu kijana huyo, uungwana ambao si kila mtu angeuweza kwa mshindani wake. Mwezi Desemba mwaka huohuo Vézina alishika goli la Canadiens, wala hakulikosa hata mara moja kwa miaka 15.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, yapasa kukumbuka kwamba kipa wa enzi hizo hakuvaa barakoa ya kukinga uso, kwamba miguu yake ililindwa na mito ya ngozi iliyolowa na kuongezeka uzito kadiri mechi ilivyoendelea, na kwamba sheria ilimkataza kupiga magoti au kujilaza barafuni ili kuzuia kisahani, kosa ambalo liliadhibiwa. Clint Benedict wa Ottawa alizoea kuanguka kana kwamba ameteleza, hata waamuzi wakashindwa kutofautisha ajali na hila, na Januari 1918 Frank Calder, rais wa Ligi ya Taifa ya Hoki iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza, akaruhusu makipa waanguke wapendavyo. Vézina hakubadilika, aliendelea kusimama wima na kutegemea gongo lake, na yamkini mazoea hayo yalitokana na ile miaka ya viatu vya kawaida, kwa maana asiyeweza kuteleza upesi hana budi kusoma mapema njia ya kisahani. Mwezi Februari 1918, Canadiens walipoifunga Toronto magoli 9 kwa 0, akawa kipa wa kwanza katika ligi hiyo kumaliza mechi bila kufungwa.

Alitwaa Kombe la Stanley, taji kuu la mchezo huo, mwaka 1916 na tena 1924, na kati ya mataji hayo alikuwemo katika fainali ya 1919 huko Seattle, iliyovunjwa kwa sababu ya homa ya mafua iliyoenea duniani na kumuua mwenzake Joe Hall. Msimu ulipokwisha alirudi Chicoutimi, alikokuwa na biashara ya kutengeneza ngozi.

Tarehe 28 Novemba 1925, baada ya mechi zaidi ya 320 za ligi mfululizo, aliingia uwanjani kuikabili Pittsburgh akiwa na homa kali, akamaliza kipindi cha kwanza, kisha akashindwa kuendelea, na nafasi yake ikachukuliwa na Mmarekani Alphonse Lacroix. Madaktari walikuta kifua kikuu kilichokwisha kukomaa, katika zama ambazo ugonjwa huo haukuwa na dawa, na tarehe 27 Machi 1926 akafariki mjini kwao akiwa na umri wa miaka 39. Sifa ya kutokosa mechi, ambayo magazeti yaliipenda mno, haiwezi kutenganishwa na kifo hicho: mtu aliyezoea kutopumzika hakupumzika hata mapafu yake yalipokuwa yanaharibika.

Wamiliki wa Canadiens, Cattarinich akiwa mmoja wao, walitoa tuzo yenye jina la Vézina kwa kipa wa timu iliyofungwa magoli machache zaidi, na George Hainsworth, aliyerithi goli lake, akaichukua misimu mitatu ya mwanzo. Tangu msimu wa 1981–82 mshindi huchaguliwa kwa kura za mameneja wakuu wa timu.